Kimo cha Hamadi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyosimamishwa ukutani nikapimwa kwa ajili ya maiti.

Mume wangu, Hamadi, alitoka kwetu Micheweni kwenda Konde kuuza pweza mkavu, asirudi. Mavyaa yangu, Bi Mize, akashika neno moja tu: mwanawe kavukia Tanga, atarudi. Nami nikangoja naye. Mfa maji haishi kutapatapa.

Miaka ikapita. Wachoma chokaa, katika kuchimba mawe, wakakuta mifupa ya mtu shimoni, kando ya njia ya Konde. Nguo zilikwisha kuoza. Tukaitwa hospitali ya Wete, sisi tuliopotelewa.

Daktari, Mhindi mpole, alikuwa ameulaza mfupa wa paja juu ya ubao wa kupimia. Akatueleza kuwa urefu wa mfupa ule humwezesha kukisia kimo cha mtu alipokuwa hai.

"Huyu hakuwa mrefu," akasema. "Wenu alikuwaje?"

"Mwanangu mrefu!" Bi Mize akamdakia. "Kila mlango huinama. Huyu siye. Twende zetu."

Hamadi alinizidi vidole viwili tu. Mama yake alikuwa amemrefusha kwa kumngoja, na mimi nilimpenda mama yule.

"Bwana daktari," nikasema, "nipime mimi. Alinizidi kidogo tu."

Akatia alama ya chaki juu ya utosi wangu, kisha ya pili, ya maiti. Zilikaribiana.

"Kimo pekee hakitoshi, wengi hulingana," akasema. "Aliwahi kuvunjika?"

Bi Mize akamjibu, bila kunitazama:

"Muundi wa mguu wa kushoto. Alianguka mkarafuuni, mdogo. Nilimfunga vibanzi mwenyewe."

Daktari akamwonyesha palipounga. Bi Mize akaupokea mfupa kwa mikono miwili, akaupakata.

"Umenizikia mwanangu," akaniambia tulipotoka.

Eda yangu nzima hakunisemesha. Nilipoimaliza, aliingia chumbani na mafuta ya nazi, akaanza kunisuka. Machozi yake yakanidondokea shingoni.

"Ungenyamaza," akasema, "ningekufa nikimnung'unikia kuwa kanisahau."

Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu mpende kwa kimo chake, akiwapo na asipokuwapo. Na ukweli ukikulazimu kumliza umpendaye, useme. Kisha kaa naye, usimwachie kilio peke yake.

Mola akujaalie wa kukungoja, akurejeshe kwao ungali na pumzi. Amin.