Mke Aliyenuna Ukutani

Mtaani walimwita Brashi, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini alipaka rangi nyumba za watu, lakini yake ilibaki saruji tupu. Mkewe alizoea kumtania mbele ya majirani: "Kwa wenzetu wewe ni fundi, kwetu mpangaji." Brashi naye alikuwa akicheka nao.

Asubuhi moja utani uligeuka ugomvi. Mke alitaka ukuta wa jikoni upakwe kabla mwezi haujaisha, Brashi akamjibu kwa mkato, neno likazaa neno, akatoka bila kuaga. Saa sita simu ilimkuta juu ya ngazi: mkewe ameanguka kazini. Alipofika hospitali, mkewe alikuwa ameshakata roho.

Msibani hakudondosha chozi. Watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Miezi miwili alikula kidogo na kufoka sana, hata binti yake, muuguzi aliyehamia kwake ili amwangalie, akawa anatembea ndani kwa kunyata.

Jumapili moja Brashi alitoa uvunguni makopo yenye mabaki ya rangi, akaupiga msasa ukuta wa jikoni, akaanza kuchora. Hakuwahi kuchora mtu. Mkono uliozoea nyumba nzima ulikwama kwenye uso mmoja. Pua aliifuta mara tatu. Midomo ilitoka mara moja.

Binti aliporudi kutoka zamu, alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Baba, huyu ni mama kabisa. Lakini mbona umemchora amenuna?"

"Alikuwa amenuna."

"Kwenye picha zake zote anacheka!"

"Mimi niliachana naye hivi, mwanangu. Nilimjibu vibaya, nikaondoka zangu."

Binti akavuta kiti. "Alinipigia simu saa nne siku ile. Akasema, 'Baba yako amenuna kama mtoto aliyenyimwa pipi. Mwache, hasira zitamshuka.' Alikuwa anacheka, baba."

Kilio kilichomtoka Brashi kilimshtua hata mwenyewe. Alilia ameegemea ukuta, rangi mbichi ikimganda viganjani, bintiye amemshika mgongo. Binti hakumwambia anyamaze.

Kesho yake akaja shemeji yake, dada wa marehemu. "Mweke tabasamu basi. Watu watasemaje?"

"Watasema alikuwa na mume mkaidi, shemeji. Na watakuwa hawajakosea."

Midomo haikuguswa. Ila kila jioni aliongeza kitu: kovu la kidoleni, kitambaa cha kijani, ile mikunjo ya shingo. Kufoka kukapungua, hamu ya chakula ikarudi kidogo kidogo. Jioni moja binti naye akaomba brashi achore herini. Ikatoka kubwa kama kitasa cha mlango.

"Nimeharibu, niifute?"

Brashi akaitazama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Iache. Mama yako angeivaa hiyo."