Picha Safi Iliyoganda

Siku ile bado naiona, mwanangu. Ilikuwa mwaka 2014, nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kituo kimoja cha afya huko Kibondo, na kazi yangu ilikuwa kurusha video za wagonjwa moja kwa moja hadi kwa daktari wa watoto aliyekuwa Kasulu.

Mchana huo alizaliwa mtoto aliyepumua kwa shida. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa nje, lakini daktari alitaka kwanza kuona kifua cha mtoto kinavyokwenda, ajue kama mtoto ataihimili safari ya Kasulu.

Video yetu ilikwenda kwa matabaka. La chini lilitoa picha hafifu. Kila tabaka uliloongeza juu yake lilileta ung'avu, na likaizidishia kompyuta kazi. Nami nilipenda sifa, mwanangu. Nikawasha yote matatu.

Picha ikatoka safi, hata kope za mtoto zilionekana. Kisha ikaganda. Feni ikaunguruma, kompyuta ikawa ya moto, ikashindwa kuandaa picha kwa wakati.

"Fundi," daktari akauliza kwenye simu, "mtoto ameacha kupumua, au picha imesimama?"

Mama wa mtoto alisikia. Akajiinua kitandani, akanitazama mimi badala ya mwanawe.

"Anapumua, Daktari," akajibu Mama Bukuru, muuguzi mzee aliyeshika mpira wa oksijeni. Kisha akanigeukia, akaniita mwanangu kwa Kiha, kwa sauti ya chini. "Mwana wanje, daktari hakuomba uzuri. Ameomba kifua."

"Nikipunguza, picha itakuwa na ukungu."

"Na iwe."

Nikazima matabaka mawili. Picha ikarudi, uso wa mtoto ulikuwa hautambuliki, lakini kifua kilipanda na kushuka. Daktari akakitazama kwa makini.

"Mbavu zinaingia ndani mno," akasema hatimaye. "Msimsafirishe. Endeleeni na oksijeni, nakuja mwenyewe."

Alifika jioni. Mtoto akapona, na sasa anasoma. Mama yake hunisalimu kwa furaha tukikutana sokoni, nami kila mara naona haya, maana sijui niliwapotezea dakika ngapi.

Wewe unayeanza kazi hii, nisikilize. Ubora si kosa. Siku nyingine daktari alitaka kuona rangi ya kidonda, nikawasha yote na kuiacha picha iende polepole. Lakini muulize kwanza anayetazama anahitaji kuona nini, kisha uangalie mashine yako inabeba kiasi gani. Anza na tabaka la chini. Likitulia, ongeza moja, usubiri, ndipo ufikirie jingine.

Mungu akupe utulivu siku picha yako itakapoganda, na akuweke karibu na watu wasioogopa kukukanya.