Mwosha Wajane wa Hamamuni

Ukimuuliza mtu wa Ujiji hamamu, ile nyumba ya kuogea ya ziwani, ilijengwa lini, atakwambia "zamani sana," kisha ataendelea na shughuli zake. Mwamvua binti Sudi, aliyeishika kwa miaka arobaini na moja, hana jibu bora zaidi. Anachojua ni kile alichoachiwa na bibi yake: kwamba mfanyabiashara mmoja wa pembe aliijenga kwa mawe na udongo ili watumwa waliotembezwa kutoka Manyema waoshwe vumbi na damu kabla ya safari ya pwani. Waliingia kwa mlango wa ziwani, wakatokea mlango wa barabarani, na aliyetoka huko hakuonekana tena. Bibi huyo alikuwa mjukuu wa mmoja wao ambaye hakupelekwa, kwa sababu alijua kuchochea moto, na hamamu ikahitaji mtu wa moto.

Baadaye wakaoga humo mabaharia, wakaoga maharusi, wakaoga wakimbizi waliovuka ziwa na watoto mgongoni. Siku hizi kila nyumba ina bafu lake. Kule Gungu watu wanajenga choo cha ndani hata kabla ya kupaua. Waliobaki hamamuni ni wajane. Katika mtaa ule mwanamke akimaliza msiba haogi kwake. Huingia kwa mlango wa ziwani na nguo zake za eda, na Mwamvua humuuliza neno moja tu: "Umemzika?" Akijibu, "Nimemzika," ndipo anapomwagiwa maji ya moto, nguo zile zinatiwa motoni, naye anatokea barabarani na khanga mpya. Wamekuja Waislamu na Wakristo, Waha na Wabembe. Asiye na jibu haoshwi. Mwamvua hakuitunga sheria hiyo, lakini ameishika kwa ukali, na wapo wanaomsengenya kwa ajili yake.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi. Vijana wa bodaboda wanaoegesha ukutani humchokoza.

"Bibi, weka basi hata soketi, tuchaji simu!"

"Ukifa mkeo atakuja kuchaji hapa," huwajibu, nao huangua kicheko.

Akibaki peke yake humo ndani hacheki. Kwa miaka kumi na moja sasa, alasiri akishadeki na sakafu ikishakauka, huziona nyayo. Ni nyayo za maji, za mwanamume, zinaanzia mlango wa ziwani hadi chumba cha ndani, na hazirudi. Amezifuta kwa tambara, amepaka chokaa, amezisomea. Zikikosekana leo, wiki ijayo zipo. Mwenyekiti wa mtaa alisema ni unyevu, maana ziwa limejaa na maji yamefika ngazi ya mwisho. Mwamvua alimwitikia tu, ili aondoke.

Anajua ni nyayo za nani. Miaka hiyo kumi na moja iliyopita mwanawe wa pekee, Mwinshehe, alitoka Kibirizi kwenda kuvua dagaa pamoja na Jean, rafiki yake kutoka ng'ambo ya Kongo. Walikuwa wa umri mmoja, urefu mmoja, na hata suruali waliazimana. Upepo ukaupindua mtumbwi wao, na siku ya nne ziwa likarudisha mwili mmoja. Uso haukutambulika. Elida, mke wa Jean, alikuwa amejifungua juzi yake na hatoki nje. Akaitwa Mwamvua.

Hakufunua shuka upande wa kichwa. Alifunua miguuni, kwa sababu Mwinshehe alizaliwa na kidole kilichopanda juu ya kidole gumba, mguu wa kulia, kama yeye mama yake. Vidole vya maiti ile vilikuwa vimenyooka, vyote, kama vya nyayo zile za hamamuni.

"Ndiye?" wazee wakauliza.

"Ndiye," akasema.

Alijiambia kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya mkwewe Yasmini, aliyekuwa na miaka ishirini tu, maana mke wa aliyepotea hungoja na kungoja. Kweli, Yasmini alikaa eda, akaoshwa, akaolewa Mwandiga, na sasa ana watoto wanne. Lakini Mwamvua alitaka kaburi. Alitaka mahali pa kwenda kila Ijumaa na kusema, mwanangu yuko hapa. Ziwa lilimletea mtoto wa mwenzake, akampokea, akamzika kwa jina la Mwinshehe.

Masika haya, asubuhi moja, Elida aliingia hamamuni kwa mlango wa ziwani. Anauza dagaa Kibirizi, na binti yake, Catherine, yuko darasa la tano. Mwamvua alimwona akivua viatu, akainamia kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, nimekuja kuoshwa."

Mwamvua akaendelea kupanga kuni zilizokuwa zimekwisha pangwa.

"Kuna fundi seremala wa Gungu, Martini, anataka kunioa," Elida akasema. "Mwaka wa tatu huu ananingoja. Padri amesema niko huru. Karatasi ya serikali ya kifo chake ninayo. Lakini mimi mwenyewe siwezi, mama. Nikisikia mlango, nasema ni Jean huyo. Wewe ukiniosha, nitajua imekwisha."

Angeweza kumwagia maji tu, yakaisha. Hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshazoea, ukauliza wenyewe: "Umemzika?"

Elida akatazama chini. "Nitamzika wapi? Wewe una bahati. Wewe wako ulimpata."

Chumba cha ndani maji yakamwagika, kata moja, kisha kimya. Elida aligeuka kutazama. Kumbe naye alisikia. Mwamvua akaogopa kuliko siku zote, akaketi kwenye jiwe la kuogea.

"Umemzika," akasema.

"Mama?"

"Arobaini ya msiba wangu ulikuja na mzigo wa kuni, mtoto mgongoni. Ulilia mpaka tukakushika. Uliyemlilia ni mumeo. Niliiona miguu, Elida. Nilijua."

Elida hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikwenda Kalemie kumtafuta gerezani, nikidhani wamemkamata. Mara mbili. Nilikwenda Uvira. Kila safari nilipita kwako kuaga, ukanifungia chakula cha njiani."

"Nilikufungia."

Mwamvua alitaka kusema nisamehe. Akaona aibu kumwomba mwanamke huyu kitu kingine tena.

"Nioshe," Elida akasema.

Akamwosha. Elida aliutazama ukuta mwanzo hadi mwisho. Nguo alizokuja nazo zikatiwa motoni. Alipokwisha kujifunga khanga mpya alimshika Mwamvua kifundo cha mkono.

"Sasa twende. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako."

Wakatokea barabarani, wakashika njia ya makaburini. Vijana wa bodaboda walianza utani, wakaona nyuso zile, wakauacha, wakawafuata. Kaburini kulikuwa na kibao ambacho Mwamvua hukipaka rangi kila Shaabani. Alipiga magoti, akakitikisa kwa mikono miwili mpaka kikang'oka.

Mzee anayelinda makaburi alikuja mbio. "Mwamvua! Umeingiwa na nini? Si kaburi la mwanao hili?"

"Si la mwanangu. Ni la Jean, mume wa huyu. Niliwadanganya."

Mzee alimtazama Elida, ambaye tayari alikuwa amelala kifudifudi juu ya udongo, amelikumbatia kaburi kwa mikono yote miwili.

"Sasa Mwinshehe yuko wapi?" mzee akauliza.

Kwa miaka kumi na moja Mwamvua hakuwahi kulisema neno hilo, hata moyoni.

"Ziwani," akasema, na kibao kikiwa bado mkononi akaanza kumlilia mwanawe, kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile.