Marehemu Namba 413

Ukitaka niape nitaapa, ukitaka kunicheka nicheke. Ila siku ile nilikuwa na akili zangu, sikuwa nimeonja pombe, na ilikuwa saa tisa mchana kweupe.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wameanza kuruhusiwa kununua pamba. Mwenye kiwanda mmoja pale Bariadi aliniita kutoka Mwanza nimfungie seva na hifadhidata, yaani daftari la wakulima ndani ya mashine. Mkulima aliyemo angepewa mbegu kesho yake nikimaliza. Asiyemo angerudi kwao mikono mitupu. Mvua zilishaanza kunyesha, na meneja alichungulia mlangoni kila baada ya nusu saa. Mtu atatulia hapo?

Kufunga programu peke yake kulinila siku mbili, maana umeme ukikatika naanza upya. Nikatengeneza jedwali la wakuu wa kaya, kila mmoja na namba yake, na jingine la wanaolima chini ya namba hiyo. Nikaweka na sheria: ukimfuta mkuu, wote walio chini yake wafutike wenyewe. Nilijiona fundi kwelikweli. Mama Kabula, karani, alikuwa ameingiza majina kutoka daftari la zamani, mengine yana alama ya msalaba. Akaniambia hao ni marehemu. Sikumuuliza kwa nini marehemu wamebaki daftarini. Niliamua kuwafuta wote kwa amri moja.

Mama Kabula alipotoka kwenda kula, mzee mmoja akasimama nje ya dirisha, nyuma ya nondo. Alivaa koti jeusi lenye kifungo kimoja cheupe.

"Mwadila, baba," akanisalimia kwa Kisukuma, salamu ya mchana. Nikaitikia bila kumtazama vizuri. Akasema yeye ni namba 413.

"Usinifute. Ukinifuta mimi, watoto wanaondoka na mimi."

Sasa niambie, nani alimwambia? Ile sheria ilikuwa kichwani mwangu na ndani ya mashine tu. Nikamjibu haya mzee, nitaangalia, nikaitafuta 413 kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa na msalaba. Nilipoinua macho, dirishani hapakuwa na mtu. Nikatoka mbio kuzunguka ukuta. Ardhi ilikuwa tope la mvua ya asubuhi na, amini usiamini, hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Niliogopa, sikufichi. Nikarudi kwenye kiti, nikasimama, nikakaa tena. Meneja akachungulia, akauliza tumefika wapi. Nikaona aibu kumwambia mtu mzima kwamba marehemu ameniomba. Nikabonyeza ile amri ya kufuta.

Asubuhi foleni ilifika hadi barabarani. Waliokosa majina walikuwa wengi, lakini mimi namkumbuka mama mmoja aitwaye Nyamizi, mtoto mgongoni, na kaka zake wanne kutoka kijiji cha Kasoli. Mtunza ghala akawaambia hamumo. Mama Kabula akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba shamba la baba yao halijagawanywa. Mpaka wazee wa ukoo wakae waligawe, watoto wanalima kwa namba ya marehemu, ile 413. Akaleta lile daftari la zamani. Meneja akasema daftari limekwisha kazi, neno ni la mashine.

Ningeweza kusema kosa ni langu, nikawaingiza upya kabla jua halijawa kali. Nikanyamaza. Nilihofia kazi yangu. Nyamizi aliukunja mfuko wake mtupu, akauweka kichwani, wakaondoka.

Mwezi wa pili baada ya hapo roho ilinisuta, nikaenda kwao. Pamba ya majirani ilikuwa magotini. Kwao yalikuwa majani matupu. Nikamsimulia Nyamizi kila kitu. Akauliza baba yake alivaa nini. Nikamwambia. Akasema kile kifungo cheupe alikishona yeye mwenyewe, siku ya mazishi, kwenye koti alilozikwa nalo baba yake. Kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo alikuja, ukamsikia, ukafuta?"

 

Kazi hii bado naifanya, lakini siwezi kukaa nimeligeuzia dirisha mgongo, na kila ninapotaka kufuta jina nanyanyuka, nazunguka chumba. Wewe unayefunga mifumo ya watu, kabla hujamfuta mtu uliza nani anakula kwa jina lake. Na kama umeshabonyeza, sema siku hiyohiyo, wakati watu bado wako kwenye foleni.