Kijiwe Chekundu cha Mistari

Harufu ya udongo uliokandwa na maji hunirudisha mpaka leo nyumbani kwetu, upande wa Palma, mwaka ule tulipomzika mdogo wetu Abudu akiwa bado ananyonya.

Baada ya hitima watu walirudi makwao, na mama akaendelea na kazi zake, ila kimya. Ugali alisonga, maji alichota, sisi alituogesha. Sauti yake tu ndiyo hatukuisikia. Mimi na dada yangu Amina tukazoea kunyata, kana kwamba ndani mna mtu amelala.

Mvua zilikuwa zimebomoa ukuta wa nyuma. Baba alikuwa amekwenda Pundanhar kuuza samaki wakavu, basi mama akatugawia majembe, tukaenda kuchimba udongo wa kukandikia. Jembe la Amina likagonga kitu. Kilikuwa kijiwe chekundu, cha kuenea kiganjani, ubavuni kimechanjwa mistari inayokatana, safu kwa safu, mithili ya ukili wa kushonea mkeka.

"Mama, hiki cha nani?"

Mama akakiosha, akapitisha ukucha juu ya mistari polepole, mpaka pale mmoja ulipopinda ghafla.

"Hapa mkono umemteleza," akasema, na akacheka. "Tazama, kisha akaendelea."

"Nani, mama?"

"Nitamjuaje? Wa zamani huyo. Zamani sana."

"Na inasema nini?" Nilikuwa nimeanza shule, na kila mstari kwangu ulikuwa herufi.

"Haisemi kitu, mwanangu. Lete maji."

Tukakandika. Udongo ukiwa bado mbichi, mama akaanza kuuchora kwa kidole mistari ileile, kutoka mlangoni hadi kona. Nasi tukamwiga; ya kwetu sisi ilikwenda upogo kama njia za mbuzi, naye hakuifuta.

Miaka mingi niliamini kijiwe kile ni dawa. Nikishikwa na homa nilikiweka chini ya mto. Sasa najua mama alikuwa amepata mwenzake tu, mtu aliyekaa mahali akaharibu mstari, akakata mwingine.

Baba aliporudi, alisimama uani akishangaa. "Loo! Nyumba imevaa kanga?"

"Imevaa," mama akajibu, akaanza kumsimulia yote, tangu jembe la Amina, na baba akasikiliza akiwa amesimama vilevile, gunia begani, jasho likimtiririka. Nilidhani amesahau kulitua. Nilipoolewa ndipo nikaelewa: aliogopa kulitua, asije akamkatiza.