Mgawo wa Santuri za Kaka

Baba mdogo alilifungua lile kasha kama anafungua gunia la mpunga. Akatoa santuri ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazipanga juu ya mkeka mbele ya ukoo mzima. "Zipo tatu," akasema, "na ndugu wa marehemu waliobaki ni watatu. Mungu hapangi ovyo." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi peke yangu nikapiga kelele.

Ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya kaka yangu, na vitu vyake vilikuwa vinagawiwa: majembe, makoti, baiskeli, redio. Hivyo vyote sikuwa na ugomvi navyo. Lakini zile santuri zilikuwa kitu kimoja. Kaka alikuwa dereva wa watalii katika hifadhi ya Katavi. Mgeni mmoja, mzee wa Kizungu aliyeshinda naye siku tano kwenye gari wakibishana habari za muziki badala ya kutazama viboko, alimtumia zawadi hiyo alipofika kwao. Lilikuwa toleo maalumu la nakala chache, kila kasha limeandikwa namba yake. Ndani yake bendi kubwa ya roki ya zamani, iliyozoeleka kwa makelele, ilikuwa imetulia na kupiga bluzi, ule muziki wa huzuni wa watu weusi wa Marekani. Kaka alisema hapo ndipo walipoonyesha kwamba wanajua kupiga.

"Baba mdogo, hizi hazitenganishwi," nikasema. "Ni kama kugawa suruali, huyu apewe mguu huu na yule apewe mguu ule."

"Suruali ni moja. Hizi nimezihesabu mbele yako, ni tatu. Mwanangu, wewe umesoma sana, lakini kugawa tuachie sisi."

Basi dada akapewa ya kwanza, akaenda nayo Kapalamsenga anakouza dagaa. Mimi nikapewa ya pili. Mdogo wetu wa kiume akachukua ya tatu, akaipeleka kwake Litapunga. Gramafoni ya kuzipigia akaichukua baba mdogo mwenyewe, akaiweka sebuleni kwake Nsemulwa, kwa sababu eti msimamizi naye hakosi kitu. Wifi yangu, mjane wa kaka, akapewa kasha tupu. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Nilitaka kulia kwa hasira.

Wiki mbili baadaye wifi alikuja kwangu. Jumatatu iliyofuata angerudi kwao Sumbawanga, na kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja tu: kuusikia wimbo ambao kaka alikuwa anauweka kila Jumapili baada ya misa, yeye akichambua mchele. Jina la wimbo hakulijua. Nikamuuliza uko kwenye santuri ipi.

"Wifi, mimi nitajuaje? Mwenye kuweka alikuwa yeye."

Nikaitafuta ile bendi kwenye simu, nikampigia wimbo mmoja baada ya mwingine mpaka bando likaisha. Alitikisa kichwa tu. Alisema kwenye simu nyimbo zote zinafanana.

Kwa hiyo nikaanza kuzunguka. Litapunga nilienda kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye meno. Nikamkuta mdogo wangu ameitundika santuri ukutani kwa msumari, kati ya picha ya harusi yake na kalenda ya parokia. Nilipomfokea alinishangaa.

"Dada, si imekuja na tundu lake?"

Na kweli, msumari ulipita kwenye tundu la katikati bila kugusa kitu. Hilo likaniudhi zaidi.

Dada nilimpigia simu, nikamweleza vizuri, tena mara tatu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ya kwako imefanyaje mpaka unataka na yangu?" Nikamwambia ni ya kusikiliza siku moja tu. "Ndivyo mnavyoanzaga nyie," akasema. Mwishowe alikubali kuileta mwenyewe, na kweli aliileta, ameipakata njia nzima ndani ya kitenge kinachonuka dagaa. Hakumruhusu mtu yeyote kuishika.

Aliyenimaliza kabisa ni baba mdogo. Gramafoni alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka televisheni juu yake. Akasema vitu vilivyogawiwa na kikao haviwezi kurudishwa pamoja bila kikao.

"Nani anarudisha? Tunasikiliza tu!"

"Hata kama."

Basi Jumapili, baada ya misa, viti vikapangwa kwake, ukoo ukaitwa, katekista akafungua kwa sala. Baba mdogo akasimama na kutangaza kwamba kusikiliza huku hakutengui mgawo, na kila mtu ataondoka na chake. Nilijiinamia. Nilikuwa nimechoka na watu wangu, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Tukaanza na santuri ya dada, upande wa kwanza, upande wa pili. Shangazi mmoja akasinzia. Wifi akatikisa kichwa. Tukaweka yangu, na nakiri niliomba wimbo uwe humo, ili angalau mmoja wetu awe amepewa kitu cha maana. Haukuwemo. Tukaweka ya Litapunga. Kwenye upande wake wa mwisho gitaa likaanza polepole, na wifi, ambaye muda wote alikuwa anasokota ncha ya khanga yake, akaiachia. Hatukuhitaji kuambiwa kwamba ndio huo.

Katikati ya wimbo sindano ikakwama. Maneno mawili ya mwimbaji yakarudi, yakarudi tena, yakarudi tena.

"Ni msumari wako huo!" nikamgeukia mdogo wangu. Dada akadakia, baba mdogo naye akaanza kunyoosha kidole, na mimi nikainuka kwenda kuisogeza ile sindano.

"Kaa, wifi," mjane akasema. "Hapo inakwama siku zote. Kaka yako alikuwa anainuka, anaigusa kwa kidole, halafu anarudi kukaa na mimi."

Nikakaa. Tukamsikiliza mwimbaji akirudia yale yale, ukoo mzima kwenye viti, na hakuna aliyeinuka.