Mashini Niliyoizika Ikiwa Hai

Nichekeni tu. Nilihangaika sana kama niiwekee mashini yangu ya zamani, ile kompyuta ya kukunja, Windows mpya. Nilipojaribu ikakataa, nikaitangaza marehemu, nikampa shemeji yangu Mama Furaha, mwalimu wa mtaa wa Katindo.

Juzi nikamkuta nyumbani kwake na wageni, akiandika kwenye mashini iliyovikwa kitenge kwenye kifuniko. Kila alichobonyeza kilifunguka papo hapo! Nikaisifu kwa sauti: "Hii ndiyo mashini ya mutu anayejua kuchagua! Si kama ile takataka niliyokupa. Umeiwekea Windows mpya?"

"Hapana, Papa Elie. Nilitoa Windows, nikaweka Linux, ile nyepesi ya bure. Hata mashini ya muzee inakimbia."

Kisha akakivua kile kitenge. Juu ya kifuniko, kwa blanco, ule wino mweupe wa kufutia makosa, mwandiko wangu mwenyewe: MALI YA PAPA ELIE.